Kuondoa Kompyuta Kwenye Injini ya Lori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka ikifika Agosti, kabla minada ya korosho haijafunguliwa, gereji yetu hapa Mtwara hujaa malori yanayoandaliwa kwa msimu. Miaka ya nyuma watu walikuja kufunga ringi na kubadili klachi. Siku hizi nusu yao huingia na ombi moja: "Fundi, nitolee hii kompyuta, nirudishie pampu ya zamani." Majibu ninayowapa ni yaleyale, nami nimeona niyaandike ili mtu ayasome kwa utulivu nyumbani kabla hajatoa hela.

Niseme msimamo wangu mapema. Kazi hiyo inawezekana, na nimeifanya. Lakini magari mengi niliyoletewa yatolewe kompyuta hayakuwa na ugonjwa wa kompyuta.

"Injini ya kompyuta" ni ipi, na "injini ya pampu" ni ipi?

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Kwa hiyo kuiendesha injini ya dizeli ni kuamua mambo matatu: mafuta kiasi gani, kwa presha gani, na yaingie wakati gani.

Kwenye injini ya pampu, kama 4D33 ya Canter, 6D16 na 6D17 za Fuso Fighter, 4HF1 ya Isuzu au 1HZ ya Land Cruiser, mambo yote matatu yanaamuliwa na chuma. Plunja, yaani kipistoni kidogo cha kusukuma mafuta, inasukumwa na kamu (chuma chenye vinundu) iliyomo ndani ya pampu, presha inapanda kwenye bomba mpaka inaishinda springi ya nozeli (kinyunyizio cha mafuta), na nozeli inafunguka yenyewe. Presha ya kuifungua huwa kati ya bari 150 na 250 hivi. Mafundi pampu huita "kilo", na tofauti ya bari na kilo ni ndogo mno. Gavana, yaani kidhibiti cha mzunguko wa injini, nayo ina vipande vya chuma vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyopanda, na vikitanuka vinarudisha mafuta nyuma. Umeme unaohitajika ni wa stata, na kwenye baadhi ni wa solenoidi ya kuzimia, yaani sumaku ya umeme inayokata mafuta.

Injini ya komoni reli, kama 6M60 ya Fighter, 4M50 ya Canter, 4HK1 ya Isuzu au J08E ya Hino, imegawanya kazi hiyo. Pampu yake haijui silinda ipi inataka mafuta. Inajaza tu presha kwenye reli, yaani bomba nene moja linalohudumia nozeli zote, presha inayofika bari 1,600 na kwenye nyingine kupita hapo. Nozeli zinafunguliwa kwa umeme, na anayetoa amri ni kompyuta, baada ya kusoma sensa ya krenki, ya kamshafti, ya presha ya reli, ya joto na ya pedali.

Ukiielewa tofauti hiyo, maswali mengi yanayofuata yanajijibu yenyewe.

Si unikatie tu hizo waya, gari liwake lenyewe?

Haiwezekani kwa komoni reli. Hakuna springi inayosubiri presha ili nozeli ifunguke. Kompyuta ikinyamaza, reli inaweza kuwa imejaa presha ya kutosha kutoboa ngozi ya mtu, na ndani ya silinda lisiingie hata tone. Anayekuambia atakata waya na gari liwake ama hajui, ama anataka kukaa na gari lako gerejini.

Mbona magari haya yanasumbua zaidi huku Kusini kuliko Dar?

Sidhani kama yanasumbua zaidi. Nadhani yanatunzwa vibaya zaidi na yako mbali zaidi na vifaa vya kupimia. Zipo sababu nne ninazoziona kila wiki.

Ya kwanza ni mafuta. Ukienda vijijini Tandahimba au Nanyumbu msimu umepamba moto, dizeli inauzwa kwenye madumu. Dumu lililobeba maji juzi leo linabeba dizeli. Pampu ya plunja itakohoa, utamwaga maji kwenye kichujio na safari itaendelea. Nozeli ya komoni reli ina nafasi za maikroni chache kati ya chuma na chuma, na tone la maji au chembe ya mchanga inamaliza kazi.

Ya pili ni chumvi. Lori linalolala Shangani au Mikindani linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Soketi ya sensa ambayo mpira wake umechanika huota kijani ndani, na sensa inayofanya kazi kwa volti 5 haina nguvu ya kupita kwenye kutu.

Ya tatu ni panya. Msimu ukiisha malori mengi huegeshwa miezi mitatu au minne karibu na maghala. Panya hujenga juu ya giaboksi na kutafuna waya.

Ya nne inaniuma kwa sababu inaepukika: kulehemu. Bodi ya lori imepasuka, mtu anavuta waya wa mashine, anabana athi (waya wa kurudishia umeme) kwenye bampa la mbele, anachoma kule nyuma, betri ikiwa imeunganishwa. Umeme unapita popote unapopata njia, na kompyuta ni mojawapo ya njia hizo.

Nitajuaje kama kweli kompyuta imekufa?

Hili ndilo swali ninalotamani watu wangeanza nalo.

Alikuja mzee mmoja na Canter ya 4M50 kutoka upande wa Newala. Gereji aliyotoka ilimwambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, akanunua nyingine ya mtumba kwa hela nyingi, ikafungwa, gari halikuwaka. Akanunua ya pili. Alipofika kwangu alikuwa ameshaamua kutoa kila kitu. Nilimwomba anipe siku moja. Waya wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake; kwa nje ulionekana mzima. Tulifunga waya mpya, gari likawaka kwa kompyuta yake ya mwanzo. Yule mzee alikaa kwenye tairi akanyamaza muda mrefu. Alikuwa ametumia hela ya ada za watoto.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, kuanzia kwenye rahisi.

Pima betri wakati stata inapigwa, si gari likiwa limelala. Lori la volti 24 likishuka chini ya volti 19 hivi wakati wa kupiga stata, anza na betri na athi. Kompyuta nyingi hujizima na kujiwasha tena umeme ukishuka sana, na dereva anaona gari "limegoma".

Tazama taa ya injini ukifungua swichi. Ikiwaka kisha ikazima, kompyuta inapumua. Isipowaka kabisa, kagua fyuzi na rilei yake kuu kabla ya kuihukumu kompyuta. Malori mengi ya Kijapani yana soketi ndogo ya kusomea hitilafu: unaunganisha waya wake, unahesabu taa inavyopepesa, unapata namba. Huhitaji mashine ya mamilioni kwa hilo, unahitaji kitabu cha gari hilo.

Kagua upande wa mafuta yasiyo na presha kubwa: kichujio, bomba linalonyonya hewa, pampu ya mkono. Kisha fanya kipimo cha chupa. Toa mabomba ya marejesho ya kila nozeli, chomeka kila moja kwenye chupa yake ndogo inayoonesha ndani, piga stata au liache gari liungurume kidogo. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inakuonesha nozeli iliyolika. Nozeli ikivujisha sana kwenye marejesho, reli haifikishi presha ya kuwashia, ambayo kwa injini nyingi ni kati ya bari 200 na 300, na kompyuta haitafungua nozeli yoyote. Hapo kompyuta ni nzima na inafanya kazi yake. Lililokufa ni nozeli.

Onyo kwa mafundi wenzangu tuliokulia kwenye injini za zamani. Tulizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Usifanye hivyo kwenye komoni reli hata siku moja. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi na kuingia mwilini bila wewe kusikia maumivu makubwa mwanzoni. Ikikupata, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Injini zipi zinakubali kubadilishwa pampu tu?

Ni zile za kati: pampu ya rotari (yenye sehemu moja inayozunguka na kugawa mafuta kwa silinda zote) iliyoongezewa umeme juu yake, huku nozeli zikiwa bado ni za springi. Hizi zina undugu wa karibu na injini ya pampu, mara nyingi zimetoka tumbo moja.

Mfano unaojulikana zaidi kwetu ni 1KZ-TE ya Toyota, lita 3.0, iliyomo kwenye Prado na Hilux Surf nyingi. Ndugu yake ni 1KZ-T yenye pampu isiyo na kompyuta. Pampu ya 1KZ-T inakaa, unaleta waya wa akselereta, unaweka umeme wa solenoidi ya kuzimia, unataimu, unawasha. Vilevile 1HD-FTE ya Land Cruiser inaazima pampu ya 1HD-FT, ingawa hapo nozeli nazo zinabidi zipelekwe kwenye benchi zikapimwe pamoja na pampu.

Marekani kazi hii ni maarufu kwenye Cummins ya lita 5.9. Ile ya valvu 24 iliyofungwa kwenye Dodge Ram kuanzia 1998 hadi 2002 ilikuwa na pampu ya rotari yenye kompyuta yake juu ya mgongo, na pampu hiyo ilikuwa ikifa mapema mafuta yakikosa kuifikia vizuri. Mafundi wa huko huiondoa, wakafunga pampu ya plunja ya P7100 kutoka kwenye Cummins ya valvu 12 ya kabla yake. Tazama lakini wanabadili nini: pampu, mabomba yote, na kesi nzima ya gia ya mbele. Wanafanikiwa kwa sababu bloku ni ya ukoo mmoja na spea zimejaa kwenye makaburi ya magari ya kwao. Mtu akisikia habari hiyo akadhani 6M60 nayo itakubali vivyo hivyo, amepotea.

Na lori langu la komoni reli? Pampu ya 6D16 haiwezi kukaa kwenye 6M60?

Nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalowapotezea watu hela nyingi kuliko yote. Zote mbili zina lita 7.5, kutoka kampuni moja, na mtu anaona ni ndugu.

Anza na gia. Pampu ya plunja lazima izunguke nusu ya mzunguko wa krenki, kamili, bila kukosea hata jino moja, kwa sababu ndiyo inayoamua silinda ipi inapata mafuta na saa ngapi. Pampu ya komoni reli haina deni hilo. Inajaza reli tu, kwa hiyo waliotengeneza injini wangeweza kuipa mwendo wowote walioutaka. Gia, shafti na kikalio chake havikuumbwa kubeba pampu ya plunja ya silinda sita.

Nenda kwenye silinda hedi. Nozeli ya umeme ina kiwiliwili chake, kipimo chake na kibanio chake. Tundu la kwenye hedi limechongwa kwa ajili hiyo. Ukitaka nozeli ya springi ikae hapo utachonga bushi, na bushi hiyo lazima izuie moto wa silinda na maji ya kupoza kwa wakati mmoja. Nimeona bushi iliyochongwa kienyeji ikipitisha maji. Injini ilibanwa na maji juu ya pistoni, fimbo ya pistoni ikapinda.

Kisha ipo pistoni yenyewe. Bakuli la juu ya pistoni limechorwa kufuatana na jinsi nozeli inavyonyunyiza. Nozeli ya komoni reli ina matundu madogo sana na presha kubwa; ya zamani ina matundu machache makubwa zaidi. Ukichanganya, mafuta yatapiga ukuta wa silinda, yataosha oili, na baada ya miezi michache utakuwa na injini inayokula oili na kutoa moshi.

Ukijumlisha gia, hedi na pistoni, umeshajenga injini nyingine. Kwa komoni reli, basi, ushauri wangu ni mmoja: usigeuze injini, badilisha injini nzima. Toa 6M60, weka 6D16 au 6D17 iliyo kamili. Toa 4M50, weka 4D33 au 4D35. Toa 4HK1 au 4HL1, weka 4HF1 au 4HG1. Kwa Hino ya J08E, tafuta J08C ya pampu ya plunja.

Scania na Volvo je?

Scania 113 ya zamani ina pampu ya plunja, haina shida. Scania na Volvo zilizokuja baadaye, zile ambazo kila silinda ina pampu na nozeli pamoja ndani ya hedi zikisukumwa na kamshafti ya injini, hazina hata mahali pa kufunga pampu ya nje. Usijaribu. Na kama giaboksi yake ni ile inayobadili gia yenyewe, inaongea na kompyuta ya injini kila sekunde. Ukiondoa moja, nyingine inabaki bubu.

Mtu anayetaka lori kubwa lisilo na kompyuta ya injini ana njia nyepesi: anunue lililotengenezwa hivyo. Howo yenye injini ya WD615 ya kiwango cha moshi cha Euro 2 ni pampu ya plunja tangu kiwandani.

Nikibadili injini nzima, vitu gani husahaulika?

Karibu kila kitu isipokuwa injini yenyewe.

Kabla hujalipa, pima urefu wa injini kutoka flaiwili hadi feni, pima matundu ya kesi ya flaiwili na ya giaboksi, hesabu meno ya shafti ya giaboksi inayoingia kwenye klachi. Usikubali kauli ya "hizi huingiliana". Muuzaji wa spea hatakuwepo injini ikining'inia kwenye mnyororo. Karteli ya oili mara nyingi hugonga ekseli ya mbele, kwa hiyo angalia kina kiko mbele au nyuma. Ukiweza, nunua nusu ya mbele nzima ya gari bovu: injini, giaboksi, pedali, waya wa akselereta, vikalio, na rejeta yake. Kununua injini peke yake ikiwa imefungwa kwenye turubai ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pedali ya gari la kompyuta haina waya wa chuma, ina sensa tu. Utahitaji pedali nyingine au kuchomelea mkono na kuleta waya. Hakikisha ukikanyaga mpaka mwisho, mkono wa pampu unafika mwisho wake bila waya kuvutika zaidi, na ukiachia unarudi wenyewe kwa springi mbili, si moja. Springi moja ikikatika ukishuka mteremko wa Newala na tani kumi za korosho mgongoni, nyingine ndiyo itakayorudisha mafuta.

Weka njia mbili za kuzima injini: solenoidi, na waya wa kuvuta kwa mkono kutoka ndani ya kabini. Pampu ya plunja haihitaji umeme ili iendelee kusukuma. Gavana ikikwama, injini hupanda mzunguko hadi ijivunje, na ukitoa ufunguo haitakusikia.

Geji nazo. Kompyuta ilikuwa inakulinda kimyakimya: ilikuwa inapunguza nguvu joto likipanda. Sasa hakuna wa kukusaidia. Funga geji ya joto na geji ya presha ya oili zinazosoma kweli, na umfundishe dereva kuzitazama.

Breki ya ekzosi ilikuwa chini ya kompyuta. Inaweza kufanya kazi kwa swichi ya kawaida, ila iunganishe ipite kwenye swichi ya klachi na swichi ya pedali ya mafuta, ijiachie yenyewe dereva akikanyaga mojawapo. Angalia pia altaneta kama ina pampu ya upepo mgongoni iliyokuwa ikihudumia breki, usije ukaitupa pamoja na injini ya zamani.

La mwisho kwenye swali hili ni kosa langu mwenyewe. Pampu nyingi za plunja hulainishwa na oili ya injini, tofauti na za rotari ambazo hulainishwa na dizeli. Miaka ya nyuma nilibadili injini ya Fighter, nikafunga kila kitu, nikasahau bomba dogo la oili linalokwenda kwenye pampu. Gari liliwaka vizuri sana. Lilifika Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, pampu ikajikaza na kukata kiungo chake. Nililipa pampu ile kwa hela yangu, na tangu siku hiyo nalishika bomba lile kwa mkono kabla ya kupiga stata.

Kutaimu pampu, yaani kupanga wakati wa kusukuma mafuta, kunafanywaje?

Weka silinda ya kwanza kwenye mbano, linganisha alama ya flaiwili au ya puli na digrii za kitabu cha injini hiyo, kisha pampu ianze kusukuma hapo hapo. Kwa pampu ya plunja unatoa valvu ya juu ya bomba la kwanza, unafunga bomba la shingo ya bata, unapampu kwa mkono, unazungusha pampu mpaka dizeli inayotiririka igeuke matone na kukata. Ikikata, funga boliti. Usitaimu kwa sikio. Injini iliyowahishwa mno hugonga na kuchoma pistoni; iliyocheleweshwa hutoa moshi mweupe na kuchemsha maji.

Nguvu itapungua? Mafuta yataongezeka?

Mara nyingi ndiyo, vyote viwili, na ni haki yako kuambiwa kabla. 6M60 yenye tabo (kisukuma hewa) na intakula (kipoza hewa hiyo) ukiibadilisha na 6D17 ya lita 8.2 isiyo na tabo, utaona tofauti kwenye mlima. Kompyuta inaweza kusogeza taimingi kwa kila mzunguko na kila mzigo; pampu ya chuma inapatana na wastani. Kinachorudi mkononi mwako ni kwamba gari likilala Nangomba usiku, fundi wa hapo hapo ataliinua kwa spana.

Dereva akilalamika nguvu ndogo, usimruhusu mtu afungue skrubu ya mafuta kwenye pampu. Moshi mweusi ni dizeli unayoilipia na kuitupa, na joto lake linayeyusha pistoni.

Nina pikapu ya petroli ya EFI, ile inayonyunyiza petroli kwa kompyuta. Inaweza kurudi kabureta?

Inaweza, na kwa injini kama 22R-E ya Hilux ni rahisi kwa sababu 22R ya kabureta ni ileile kwa sehemu kubwa. Utahitaji manifoldi ya kuingizia hewa, kabureta, na distributa inayojiwahisha yenyewe kwa vyuma vya uzito na kwa mvuto wa hewa ya injini. Jambo la hatari ni pampu ya tangi. EFI inasukuma bari 2.5 hadi 3.5, kabureta inataka 0.2 hadi 0.4. Ukiacha pampu ya zamani itaishinda sindano ya kabureta na petroli itamwagika juu ya ekzosi ya moto. Badilisha pampu kwanza, ndipo ufunge kabureta.

Sheria inasemaje?

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, nenda TRA ukabadilishe taarifa, ukiwa na risiti na hati za injini uliyonunua. Usinunue injini isiyo na karatasi hata kama ni nzuri kama mpya. Ukisimamishwa na askari wa usalama barabarani na namba haisomani na kadi, maelezo yako hayatasaidia. Iarifu pia bima yako kwa maandishi.

ABS, ile ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki, nayo itolewe?

Hapana. Ina kompyuta yake na sensa zake za magurudumu, haihusiani na mafuta. Iache, na ulinde waya zake fundi anapopunguza waya za injini. Nimeona watu wakikata rundo lote.

Nikiamua kubaki na kompyuta, nifanye nini idumu?

Ongeza kichujio cha kutenganisha maji kabla ya kile cha kiwandani, na ukimwage kila asubuhi msimu wa dumu. Badili vichujio kwa saa na kilomita, usisubiri gari lipungue nguvu. Soketi zote za injini zifunguliwe mara moja kwa mwaka, zisafishwe kwa dawa ya umeme, zipakwe grisi maalumu ya soketi. Ukiegesha lori baada ya msimu, fungua boneti au inua kabini kila wiki. Panya hapendi mahali panapofunguliwa. Ukilehemu, toa vichwa vyote viwili vya betri, chomoa soketi za kompyuta, na ubane athi karibu kabisa na unapochoma.

Kazi hii ifanyike lini?

Anza Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mzigo ni mdogo. Kuleta injini kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na barabara yetu ni moja. Waliokwama Somanga Mei 2024 baada ya mvua za kimbunga Hidaya kukata njia wanakumbuka. Ukianza Septemba, fundi atafanya haraka, wewe utakuwa na mkataba wa kubeba mzigo mfukoni, na wote wawili mtaacha kulijaribu gari. Baada ya kufunga, liendeshe tupu hadi Lindi na kurudi, kisha na nusu ya mzigo hadi Masasi, ukikaza upya mabomba na vikalio kila mwisho wa safari. Ndipo ulipakie.

Dereva abebe nini njiani baada ya mabadiliko?

Kichujio cha dizeli kimoja na gasketi yake, nati mbili za mabomba ya nozeli, waya wa akselereta wa akiba, solenoidi ya kuzimia, fenibeliti, spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, tochi, na chupa safi yenye mfuniko kwa ajili ya kupokea dizeli atakapotoa hewa kwenye mfumo.